Wageni wa Bwana Tele

Ipo nchi iitwayo Karibuni. Msiniulize iko upande gani, maana wenyewe ni watu wa adabu sana, na wenye adabu sana hukasirika upesi. Kwenye ngao ya taifa lao wamechora mkeka na birika la kunawia, na chini yake wameandika: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Na wenyeji wamepona kweli, wengine wamepona mpaka hawaingii tena kwenye viti vyao vya zamani.

Zamani nchi hiyo ilikuwa na watumwa wala haikuona haya. Kisha wanunuzi wa ng'ambo, ambao ndio walaji wakubwa wa korosho za Karibuni, wakaleta salamu kwamba hawawezi tena kutafuna kitu kilichobanguliwa na mtumwa. Eti kinawakwama kooni. Ama utumwa utoke, ama korosho zibaki huko huko. Bunge la Karibuni likakutana asubuhi, na kabla ya chakula cha mchana utumwa ulikuwa umekwisha. Sheria yenyewe ilikuwa fupi na tamu: kuanzia siku ile, mtu aletwaye kutoka nje kuja kufanya kazi asiitwe mtumwa, aitwe mgeni. Waheshimiwa wakapiga meza, wakala pilau, wakaenda kujinyoosha. Gharama yote ya ukombozi ilikuwa kopo moja la rangi, la kubadilishia kibao cha langoni.

Wenye husuda husema hayo ni maneno matupu. Waongo. Mgeni ana haki zake, na Sheria ya Ukarimu ilizipanga kwa kufuata mila za wahenga. Mgeni akifika hupokewa mzigo. Kwa hiyo mtu akishuka tu garini alipokewa mfuko, simu na pasi ya kusafiria, vikaenda kutunzwa mahali asipopajua, asije akavihangaikia. Mgeni kuku mweupe. Kwa hiyo alivishwa ovaroli nyeupe, ili popote aendapo, hasa akienda mbio, aonekane na kila mtu. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe; ibara hiyo waajiri waliipenda kuliko zote, ingawa wenye haraka waliisoma kuwa saa tatu. Na mwisho, mgeni mwenye adabu haondoki bila kuaga, na akiaga haondoki bila kusindikizwa na mwenyeji wake. Hapo kwenye kusindikizwa ndipo Stumai alipokwama.

Stumai alikuwa mwanamke wa ng'ambo ya mto, nchi jirani. Huko kwao alipita bwana mmoja mwenye viatu vinavyong'aa, akamwambia kuna kazi ya kutandika vitanda hotelini, chakula juu yao, na akichoka anarudi. Alikuwa na binti mmoja, Zena. Akamwacha kwa bibi yake, akamwahidi kwamba siku ya kuanza shule yeye mwenyewe ndiye atakayemfunga kamba za viatu. Akapanda gari. Hoteli hakuiona. Aliona Kiwanda cha Korosho cha Bwana Sudi Tele, na lango lenye maandishi makubwa ya KARIBU, yaliyoandikwa upande wa ndani.

Kubangua korosho si kazi ya kusimulia wakati watu wanakula. Ganda lina mafuta, na mafuta yale yanakula ngozi ya mtu. Kwanza vidole huwa vyeusi, kisha huchubuka, kisha hulainika kabisa mpaka mtu akibonyeza wino hakuna alama inayotoka, yeye ni kama mtu yeyote. Wanunuzi walikuwa wameleta glavu, Mungu awabariki. Bwana Tele alizithamini mno glavu zile. Aliziweka kwenye kabati la kioo ukumbini, chini ya picha yake.

Wiki ya kwanza tu, Stumai alikwenda kwenye meza ya langoni kuomba kuaga. Mezani alikaa Afisa wa Kusindikiza, kijana mnene aitwaye Faki, mwenye tabasamu lisilopoa. Faki alimuuliza ana haraka ya nini, mbona hata chai hajanywa. Ndivyo mwenyeji yeyote anavyosema, na Stumai akaona haya akarudi. Alipokwenda tena, aliambiwa Mwenyeji Mkuu, yaani Bwana Tele, amesafiri. Alipokwenda tena, Mwenyeji Mkuu alikuwepo lakini ana wageni, na haiwezekani mtu amwache mgeni ili amsindikize mgeni. Safari hiyo Stumai hakuondoka mezani.

"Nitaondoka lini?" akauliza.

"Karibu."

"Karibu lini, kaka?"

"Karibu sana, dada."

Na Faki hakusema uongo hata neno moja. Lugha ile ndivyo ilivyo, na mtu akiitumia vizuri anaweza kufungia nayo watu bila kufuli.

Wapo walioondoka bila kuaga. Lo, aibu gani hiyo kumfanyia mwenyeji! Walirudishwa na mbwa, wakaombwa waombe radhi, na chumba cha kuombea radhi kilikuwa kile cha kukaushia korosho, moto ukiwa umewashwa. Tena alikuwepo mwanamume mmoja aliyejifanya mjanja, akasimama mbele ya hakimu akasema yeye ni mtumwa. Hakimu alisikitika. Alimkumbusha kwamba utumwa ni kosa la jinai katika Karibuni, na kwamba bila mtumwa hakuna utumwa, kwa hiyo aliyekuja mwenyewe kukiri kuwa mtumwa ndiye chanzo cha uhalifu wote. Akafungwa kwa kuwa mtumwa kwa makusudi. Kifungo chake kilikuwa kubangua korosho, kiwanda kile kile, benchi lile lile, ila bila chai.

Basi Stumai akafunga mdomo, akafungua masikio. Kila Jumatatu asubuhi Faki alisimama ukumbini kuwasomea wageni haki zao zote kwa mkupuo mmoja, kama mtu anayekimbia mvua. Watu walisinzia. Stumai hakusinzia, na siku moja aliisikia ibara ya mwisho. Ilisema kwamba mwenyeji akichukua ufagio na kuusimamisha nyuma ya mlango kwa mkono wake mwenyewe, basi wageni wote walio chini ya dari yake wamekwisha kuambiwa. Wapewe mizigo yao, waondoke saa hiyo hiyo, wala asiwepo wa kuwashika.

Waliokuwa macho walicheka. Mila hiyo huijua kila mtoto wa Karibuni, na ndiyo maana akina mama wa huko, wakimaliza kufagia, huulaza ufagio chini. Kuusimamisha nyuma ya mlango ni tusi, ni kumwambia mgeni nimekuchoka. Sasa mwenyeji gani amchoke mgeni anayembangulia korosho? Bi Kidawa, mwanamke mtu mzima aliyekaa benchi moja na Stumai, alimwambia asahau. Lakini Stumai alikuwa ndiye mfagiaji wa ukumbi, na jambo moja alikwisha kuliona: Bwana Sudi Tele hakupata kushika ufagio tangu azaliwe.

Miezi ikapita. Dereva mmoja wa lori akaleta habari kutoka ng'ambo ya mto kwamba bibi yake Zena hajambo ila macho yameanza kukataa, na kwamba mtoto ameanza shule, na viatu alifungwa na jirani. Stumai alisikia, akashukuru, akaenda chooni akalia huku amejiziba mdomo kwa kofia ya ovaroli. Alipotoka alikuwa ameshaamua.

Siku ya ukaguzi ikafika. Kila mwaka wanunuzi walitaka mtu athibitishe kwamba hakuna utumwa, na serikali ilikuwa na mtu wa kazi hiyo, Dakta Mwinyimvua Pembe, Mkaguzi Mkuu wa Kutokuwepo kwa Utumwa. Alikuwa msomi, tena mtu wa mila. Na mila inakataza mgeni kuchungulia jikoni kwa mwenyeji wake. Kwa hiyo Dakta alikagua kiwanda akiwa ameketi ukumbini, sinia la pilau mbele yake. Wageni waliingizwa wakajipanga. Dakta aliinua kichwa akauliza, hamjambo humu? Wakaitika, hatujambo. Naye akawaandikia wanunuzi kwamba amewahoji wafanyakazi wote ana kwa ana, na hawajambo.

Mwaka huo wanunuzi walikuwa wametuma mpiga picha. Bwana Tele alikuwa amevaa suti ya rangi ya maziwa na hajui akae vipi. Stumai, aliyekuwa akipitisha maji ya kunawa, akapiga goti karibu naye akasema kwa sauti ya chini, macho yakitazama sakafu, "Mheshimiwa, unisamehe, nimesikia huko ng'ambo wakubwa wa kweli hupigwa picha wakifagia."

Bwana Tele hakumtazama, lakini alisikia. Alisimama, akatangaza kwamba jana amewaza sana juu ya heshima ya kazi, na sasa hivi atafagia. Akapewa ufagio. Alifagia kama mtu anayefukuza nyoka, vumbi likapanda mpaka kwenye pilau ya Dakta, na Dakta akasifu. Mpiga picha akapiga. Kisha picha zikaisha, na Bwana Tele akabaki ameshika ufagio mkononi, hajui ufagio huenda wapi ukimaliza kazi. Faki aliruka kuja kumpokea. Bwana Tele akamkataza. Aliyefagia mwenyewe huweka mwenyewe, akasema, na wanunuzi wajue. Akatazama huku, akatazama huko, akaenda akausimamisha nyuma ya mlango mkubwa, akapangusa mikono.

Dakta Mwinyimvua, kwa malezi yake mema, aliacha paja la kuku akaanza kutafuta viatu vyake. Nao wageni wa Bwana Tele wakasimama wote, weupe ukumbi mzima, na Stumai akatoka mbele.

"Mheshimiwa, tumeelewa. Tunashukuru kwa ukarimu wako. Tunaomba mizigo yetu."

Bwana Tele aliutazama ufagio kama mtu aliyejikuta amevaa kanga ya mkewe barabarani. Alitaka kwenda kuulaza, lakini mpiga picha alikuwa akipiga, na sheria iko wazi: ufagio ukishasimamishwa haulazwi. Faki alikwisha kufungua mdomo kusema karibu, akaufunga. Wengine walianza kujongea mlangoni. Bi Kidawa, ambaye hakuwa ameangalia lango kwa miaka mingi, aliliangalia.

Sasa hapo ndipo mjue elimu ni kitu gani. Dakta Mwinyimvua alikuwa amevaa kiatu kimoja. Akawaza kwamba wageni wakiondoka leo, mwakani atakagua nani, na pilau atakula wapi? Akavua kile kiatu kimoja akaketi tena.

"Ndugu zangu," akasema, "ufagio umesema, na ufagio hausemi mara mbili. Wageni wote na waondoke. Mimi mwenyewe nitawafungulia lango. Lakini sisi ni watu wa sheria, hatwendi kwa pupa. Ufagio humfukuza mgeni. Haumfukuzi mtu wa nyumbani. Wahenga wa Karibuni walitupa kipimo, kwamba anayejua chumvi inapowekwa si mgeni tena." Akamgeukia Stumai kwa upole wa baba. "Binti yangu, hivi chumvi hapa huwekwa wapi? Hii pilau imepooza kidogo."

"Kabati la chini, nyuma ya pipa la unga," Stumai akasema, maana mtu akiulizwa chumvi husema ilipo.

Aliposikia sauti yake mwenyewe ndipo alipojua amefanya nini. Dakta aliuliza na wengine, mmoja mmoja, na wapo waliojaribu kusema hawajui, lakini akawauliza choo kiko upande gani nao wakatazama upande wa choo. Ukumbi mzima hakupatikana mgeni hata mmoja. Dakta alifuta machozi, kweli yalimtoka, akatangaza kwamba katika maisha yake ya ukaguzi hajaona kiwanda kama hiki, ambacho si kwamba hakina watumwa tu, hata wageni hakina, wote ni jamaa tupu. Bwana Tele akakumbatia watu wawili walio karibu naye kisha akaenda kunawa. Na kwa kuwa mtu wa nyumbani hapokewi kwa chai, chai ilifutwa. Mtu wa nyumbani haagi, kwa hiyo meza ya langoni iliondolewa. Ufagio ukaachwa pale pale umesimama, kwa kuwa haulazwi, na Bwana Tele akashauriwa asiguse tena kitu chochote.

Stumai alirudi kwenye benchi. Wenzake hawakumlaumu, na hilo lilimuuma kuliko lawama. Alibangua korosho akijitukana kimoyomoyo kwa ajili ya chumvi. Bi Kidawa alimwambia kwamba hata angenyamaza wangempata kwa jambo lingine, mwenye nguvu mpishe, lakini maneno hayo yalimpita tu.

Kisha Faki akaja benchini, tabasamu mbele. Alikuwa amepandishwa cheo, sasa ni Afisa wa Kuunganisha Jamaa. Alieleza kwamba wanunuzi wamefurahishwa mno na habari za kiwanda chenye undugu, wakauliza je, jamaa hawa hawana watoto? Mbona hawaishi nao? Bwana Tele kaona aibu, na ameamua kuwaleta watoto wote, kwa gharama zake. Tena mtoto ana vidole vidogo, korosho anaitoa nzima bila kuivunja, na korosho nzima ndiyo inayotakiwa. Gari la kwanza, la majaribio, limekwisha kuvuka mto kumfuata mtoto mmoja wa mfano, na kwa kuwa Stumai ndiye aliyesema kwa niaba ya wenzake siku ile, heshima hiyo amepewa yeye.

"Furahi, dada," Faki akasema. "Si ulikuwa unamlilia Zena? Anakuja."

Stumai alishika ukingo wa benchi. Alitamani gari lile litumbukie mtoni, kisha akakumbuka nani yumo, akamwomba Mungu asisikie. Alitazama vidole vyake, akawaza vya Zena. Siku zile zote za kusubiri hakula wala hakusema na mtu. Aliwaza tu, kama anayetafuta uzi kwenye giza.

Gari lilifika saa nne asubuhi. Ukumbini palikuwa na Bwana Tele, mikono mfukoni kama alivyoshauriwa, na Dakta Mwinyimvua, na mpiga picha, na jamaa wote wameamriwa wapige makofi. Mlango mkubwa ukafunguliwa, na nyuma yake ufagio umesimama. Zena akaingia ameshikwa mkono na Faki. Alikuwa amerefuka. Alivikwa ovaroli nyeupe ndogo iliyoshonwa maalumu, mikono imekunjwa kwa kuwa ilimzidi. Alitazama nyuso zote zile, moja baada ya moja, mpaka akamwona anayemtafuta.

"Mama," akasema.

Mikono ya Stumai ilikwisha kuinuka. Akaiteremsha akaificha nyuma.

"Mtoto huyu simjui," akasema.

Faki alicheka, akidhani ni utani. Akawaonyesha watu paji la uso la mtoto na la Stumai, akawaonyesha mwanya wa meno, mmoja huku na mmoja huku, kama pacha. Dakta akamwinamia mtoto akamuuliza yule ni nani, na mtoto akajibu kwamba ni mama yake. Dakta akamtazama Stumai.

"Mtoto mwenye malezi humwita kila mwanamke mama," Stumai akasema. "Huyu si jamaa yangu. Na kama si jamaa basi ni mgeni. Mnamwingizaje mgeni ndani, Dakta, na ufagio wa Mheshimiwa umesimama?"

Hapo mpiga picha akainua kamera yake. Dakta aliutazama ufagio, akaitazama kamera, na kijasho kikamtoka, maana aliijua sheria na sheria ilikuwa inamtazama yeye. Bwana Tele akamnong'oneza. Wakanong'onezana. Zena alibaki amesimama katikati, mkono mmoja bado uko kwa Faki. Alikuwa mtoto wa adabu, amelelewa na bibi, na akawaza kwa nini mama amekasirika. Akaona kosa lake ni nini. Hakuamkia. Akauchomoa mkono, akapiga goti mbele ya wote.

"Shikamoo, mama."

Salamu haiachwi kuitikiwa, hata ya adui.

"Marahaba, mwanangu," Stumai akasema.

Faki alirukia neno hilo kama paka. Amesema mwanangu, akasema, wote mmemsikia, amesema mwanangu. Lakini Dakta alikwisha kupata njia ya kutokea na hakutaka iharibiwe. Akamwambia Faki aache ujinga; hilo ni neno la adabu tu, kila mwanamke humwambia kila mtoto, halina maana yoyote. Kisha akaigeukia kamera ya wanunuzi, akatangaza kwamba kiwanda hiki leo kimeletewa mtoto mlangoni na kimekataa kumpokea, na kwamba kwa uwezo aliopewa anakitunukia Cheti cha Kutoajiri Watoto, cha kwanza nchini. Mpango wa Kuunganisha Jamaa ukafa hapo hapo. Bwana Tele akatoa mikono mfukoni kupiga makofi, jamaa wote wakapiga makofi, na Stumai naye akapiga.

Zena alivuliwa ovaroli, ikakunjwa. Akapandishwa garini arudishwe ng'ambo ya mto, kwa bibi, shuleni. Alikaa kiti cha nyuma akilia kwa kwikwi, wala hakugeuka kutazama lango, kwa sababu neno lile, mwanangu, yeye alilisikia kama Dakta alivyolieleza, neno la adabu tu.